Mpanda baiskeli naye ana haki ya barabara

Katika visiwa vyetu imezoeleka siku hizi kwamba mtu mzima akionekana juu ya baiskeli huulizwa maswali mawili: gari imeharibika, au mambo yamekuwa magumu? Wanaouliza hawana nia mbaya. Lakini maswali yao yanaonesha fikra iliyoenea miongoni mwetu, wananchi na watumishi wa Serikali kwa pamoja, kwamba baiskeli ni chombo cha mtu ambaye bado hajafika. Fikra hii hatukuirithi kwa wazee wetu. Wazee wa Afro-Shirazi wanasimulia namna walivyokwenda kutoka tawi hadi tawi kwa baiskeli, mkoba wa karatasi umefungwa nyuma kwenye keria, na hapana aliyewauliza gari yao iko wapi.

Jambo hili nimekuwa nikilifikiri kwa muda, lakini lilipata uzito mwishoni mwa Januari mwaka 2025, tulipofunga safari watu watano wa Unguja kwenda kuipanda milima ya Usambara kwa baiskeli, kutoka Tanga hadi Lushoto. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu aliyesomesha fizikia, wa pili ni fundi baiskeli wa Mjini, wa tatu bwana shamba, wa nne ni mchuuzi wa samaki ambaye hupakia tenga lake Mkokotoni na kuliingiza Mjini kabla jua halijapanda, na wa tano ni mwandishi wa makala haya. Sherehe za Mapinduzi zilikuwa zimekwisha, kaskazi imeshika, na joto la usiku halimpi mtu usingizi. Wengine wakati kama huo hukimbilia Nungwi au Makunduchi kupunga upepo. Sisi tulitaka kuuona mlima, kwa kuwa kisiwa chetu hakina. Mahali pa juu kabisa pa Unguja hapafiki mita 200 kutoka usawa wa bahari, na kijana wa kwetu anaweza kufika umri wa kuoa asijue baiskeli hupandishwa vipi mlimani.

Lushoto wenyewe si jina geni kwa mpishi yeyote wa visiwani. Sehemu kubwa ya kabichi, karoti na mbatata zinazouzwa katika masoko yetu hutoka Bara, na milima ya Usambara ni miongoni mwa mashamba yanayotulisha. Bwana shamba alikuwa akisema njia nzima kwamba anakwenda kuwazuru jamaa zake, naye alikusudia karoti.

Tulivuka bahari hadi Dar es Salaam, tukapanda basi hadi Tanga pamoja na baiskeli zetu, na siku ya pili baada ya sala ya Alfajiri tukaanza kukanyaga. Kutoka Tanga hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 120, nchi ya mabonde madogo na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yakachoka. Hadi Segera hatukuwa na la kulalamikia. Baada ya Segera mtu huingia katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na hapo ndipo tulipojua thamani ya ukingo. Palipo na ukingo wa lami, hata kama upana wake ni hatua moja na nusu, basi kubwa hupita na mpanda baiskeli akasikia upepo wake tu. Pale ukingo ulipoliwa na mvua, au ulipomalizika bila ya taarifa, upepo ule ule ulitusukuma hadi kwenye majani, na mara mbili mwalimu alishuka akasimama mpaka msururu wa malori ulipokwisha. Hatua moja na nusu ya lami! Nani angedhani kwamba uhai wa mtu mzima unaweza kupimwa kwa hatua?

Korogwe tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri aliyevuka marhala mbili. Fundi akauliza iwapo ruhusa hiyo inamhusu pia mtu aliyejitaabisha kwa hiari yake mwenyewe.

"Mas-ala hayo," Maalim akamjibu, "aulizwe shehe aliyewahi kuja hapa kwa baiskeli kutoka Tanga."

Usiku tulilala Mombo, na tulilala kama magogo.

Ama huo mlima. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400. Baina yao pana kilomita 33 za barabara. Maalim alitufanyia hesabu kabla hatujaondoka: kwa wastani kila kilomita moja unapanda mita 30, sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa kumi, kisha unaanza jengo jingine, na jingine, mpaka majengo thelathini na tatu. Barabara yenyewe ilichongwa ubavuni mwa mlima wakati wa utawala wa Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto kwa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Sasa ina lami, lakini upana wake ni ule wa mlima kuridhia. Upande mmoja pana ukuta wa jabali, upande wa pili korongo ambalo mto unaporomoka chini yake, na kona hazihesabiki.

Mpanda baiskeli wa pwani akifika hapo hudanganyika mara ya kwanza. Huanza kwa kasi aliyoizoea, akisimama juu ya pedeli na kuvuta usukani, na baada ya kona tatu kifua humwambia kwamba hakijakubaliana na mpango huo. Mlima hauna haja ya nguvu nyingi kwa mara moja. Unataka nguvu ndogo isiyokatika. Mwenye gia huchagua gia nyepesi kabisa na kuuacha mguu uzunguke kama wa mshonaji kwenye cherehani. Wanne kati yetu tulikuwa na gia. Mchuuzi alikuja na Phoenix yake nyeusi ya breki za vyuma, isiyo na gia hata moja. Tulimpatia nyingine ya kuazima, akaikataa. Alisema ile yake ndiyo inayowasomesha watoto wake, na ikiwa kuna mlima wa kuonwa basi nayo iuone. Fundi aliibadilisha gurudumu la meno la nyuma, akatia kubwa zaidi ili mguu upate nafuu. Palipozidi mwinamo mchuuzi alishuka akaisukuma, na nakiri kwamba kwa miguu alikuwa akitukaribia sisi tuliokuwa juu ya viti vyetu.

Tulipita wanawake wa Kishambaa waliojitwika kuni na mboga wakiteremka kwenda sokoni, nao walitutazama kwa huruma. Wanafunzi walikimbia pembeni mwetu na kutushinda. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika: joto la Mombo likabaki chini kama sufuria iliyofunikwa, na ilipokaribia Soni, takriban nusu ya njia, fundi alivaa koti. Hapo maji huanguka kutoka jabalini hadi bondeni, na hapo tulikaa kitambo tukila mahindi ya kuchoma na kunywa chai ya tangawizi.

Nchi hiyo ina historia inayotuhusu. Si mbali na Soni iko Vuga, uliokuwa mji mkuu wa Wasambaa, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala hadi kufa kwake mwaka 1862. Mmishionari Krapf alimzuru mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852. Nguvu za Kimweri zilishuka mpaka pwani, zikakutana huko na nguvu za Sayyid Said wa Unguja. Kwa hiyo sisi wa visiwani tulipopanda mlima ule hatukuwa wageni wa kwanza kuutazama kutoka baharini.

Ipo na historia nyingine, iliyo karibu zaidi, ambayo bwana shamba alitueleza kwa kirefu mbele ya makonde yaliyoning'inia ubavuni mwa milima. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, na baadaye ukatandazwa Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa kweli, na wataalamu hawakuwa wajinga. Lakini waliotakiwa kuchimba hawakuulizwa kitu. Matuta yaliwala siku zao, na wanawake walikuwa mbele katika kuyakataa. Kabla ya kufika mwaka 1960 mpango ule ulikuwa umeporomoka, na chama cha TANU kilikuwa kimepata wanachama wengi katika milima hiyo. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalihitaji mbele.

Lushoto tulikaa siku mbili. Usiku tulijifunika mablanketi mawili mawili, jambo ambalo mtu wa Unguja akilisimulia mwezi wa Januari haaminiwi. Tulikula mapichesi. Tulikwenda Irente, ambako ardhi inakatika ghafla na unaitazama nyika iliyo chini, kiasi cha mita 1,000, na barabara kuu tuliyojia imekuwa uzi. Mchuuzi alikaa juu ya jiwe saa nzima. Alisema ameishi miaka arubaini na sita na hajapata kuiona barabara akiwa juu yake namna ile. Siku zote amekuwa pembeni yake.

Jioni ya mwisho Maalim alitupa somo la kuteremka, na kila dereva na kila mwenye baiskeli angefaidika nalo. Mtu na baiskeli yake, alisema, wana uzito wa kama kilo 90. Uzito huo ukishushwa mita 1,000, nguvu yake lau yote ingegeuka joto ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Upepo huchukua sehemu yake. Inayobaki huingia katika breki na rimu. Anayeteremka huku amezikamata breki muda wote anapika rimu zake, na ndani ya rimu mna tyubu ya mpira. Tukakubaliana basi: tubane breki kabla ya kona na kuziachia baada yake, na kila baada ya kilomita chache tusimame, fundi aziguse rimu kwa mkono.

Tulifuata masharti hayo. Hata hivyo chini ya Soni, mahali penye mwinamo mkali kuliko kote, tyubu ya mbele ya ile Phoenix ilipasuka kwa mlio wa bunduki. Mchuuzi aliyumba kuelekea upande wa korongo, akaitupa baiskeli upande wa jabali, na yeye mwenyewe akaanguka katikati ya barabara. Nyuma yetu palikuwa na lori lililojaa kabichi. Nilikuwa mbele kwa kona moja; niliusikia mlio, nikasikia breki za lori zikilia kwa upepo, na sitaki kueleza nilichokuwa nikitazamia kukiona nilipogeuka.

Lori lilikuwa limesimama mbali, zaidi ya urefu wake mara mbili. Dereva, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa ametufuata polepole tangu Soni bila ya kupiga honi hata mara moja. Alilikingamisha kidogo lori lake ili lolote litokalo nyuma lilione kwanza, na utingo wake alikuwa keshavunja matawi na kuyatandaza barabarani juu na chini ya kona.

"Poleni, wazee wangu," akasema, akamwinua mchuuzi na kumpangusa vumbi. Mchuuzi alikuwa amechubuka kiwiko na goti, basi.

"Ahsante, mwanangu. Mbona ulikuwa mbali hivyo?"

Kijana aliona swali ni la ajabu. Alisema barabara ile haina pa mtu kukimbilia, kwa hivyo aliyetangulia ndiye mwenye njia, akiwa na gari au akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Mama yake mwenyewe hupita pale kwa miguu siku za soko.

Fundi alitia tyubu mpya, tukaachia rimu zipoe, tukafika Mombo salama. Mchuuzi hakusema neno mpaka tulipokaa kula. Kisha akatueleza habari ambayo sisi rafiki zake tulikuwa tukiijua nusu nusu. Mwaka 2019, alfajiri moja, katika barabara iliyonyooka na isiyo na mwinamo hata wa kiatu, hapa hapa Unguja, gari ndogo ililigonga tenga lake kwa nyuma. Haikusimama. Alivunjika mguu, samaki wakatawanyika njiani, na miezi miwili nyumba yake iliendeshwa na mkewe kwa kuuza maandazi. "Kule mlimani," alisema, "pangekuwa na kila sababu ya mimi kufa, na mtu akanisubiri. Huku kwetu hapakuwa na sababu hata moja."

Maneno hayo nimeyachukua nikarudi nayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Ipo imani kwamba barabara ikipanuliwa na kutiwa lami nzuri, basi usalama umekuja nao. Nimekwisha kuona pande zote mbili, na naona imani hiyo haitoshi. Barabara nyembamba ya Lushoto humlazimisha dereva amwone mtu. Barabara pana na nyoofu isiyomtengea mpanda baiskeli mahali pake humwambia dereva kwamba njia yote ni yake, naye huitika kwa kukanyaga mafuta. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limehesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao wengi wao ni maskini kuliko waliowagonga.

Serikali yetu imejenga barabara nyingi katika miaka ya karibuni, na mwenye macho hawezi kuikanusha kazi hiyo. Lakini ni mara ngapi michoro ilipokuwa mezani aliitwa mchuuzi wa samaki akaulizwa hupita saa ngapi na upande gani? Hapa ndipo ninapoyahitaji yale matuta ya Mlalo. Wataalamu walikuwa na elimu ya udongo, na hawakuwa na habari za mwanamke aliyeshika jembe. Tusije nasi tukawa na elimu ya lami tu.

Najua jibu la wahusika: ardhi yetu ni ndogo, minazi na nyumba za watu ziko ukingoni, na fidia ni ghali. Ni jibu la haki, na sidai njia ya baiskeli kila mahali. Lakini zipo barabara za samaki na barabara za skuli zinazojulikana na kila sheha, na huko ndiko kwa kuanzia. Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka uliofunguliwa mwaka 2016 ulijengewa njia za miguu na za baiskeli pembeni, ijapokuwa bodaboda na wenye meza za biashara huziingilia bila ya haya. Na sisi wenye baiskeli tuna letu la kujibu. Anayetoka alfajiri bila ya taa wala kiakisi mwanga, na raba za breki zimebaki chuma kitupu, asimlaumu dereva peke yake; askari wa usalama barabarani akimsimamisha amshukuru.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya kurudi nyuma. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Mwaka 2024 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za mashindano makubwa ya Ufaransa na kuondoka na jezi ya kijani. Septemba mwaka 2025, miezi minane baada ya safari yetu, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na mabingwa wa Ulaya walionekana wakihema katika vilima vya jirani zetu. Tuliyatazama kwa mchuuzi, sote watano, na yeye alikuwa akiwashauri wapandaji kwa sauti wasisimame juu ya pedeli.

Nilimwuliza siku hiyo ningemwandikia nini kwa wakubwa, kama angepewa nafasi. Nilidhani ataomba njia yake mwenyewe yenye kuta. Alisema hataki mambo makubwa. Anataka ule mstari mweupe wa pembeni, katika barabara ya Mkokotoni, usogezwe ndani kwa hatua moja na nusu, na anayekwenda kuuchora atoke ofisini saa kumi na moja alfajiri, aje bila ya gari, wapime pamoja.